Sura ya 6: Ukifika Taj Mall, Uliza

Taj Mall ilibomolewa Septemba 2018. Kabla ya hapo jengo lilikuwa limeshabadilishwa jina likaitwa Airgate Centre, lakini jina hilo jipya halikupanda matatu hata siku moja. Tingatinga zikaja, ghorofa zikashuka chini, kifusi kikazolewa. Makondakta wa Outering Road wakaendelea kuita "Taj Mall! Taj Mall!" na abiria wakaendelea kushuka. Mgeni anayekwenda Pipeline bado huelekezwa hivyo hivyo: shuka Taj Mall, ingia ndani, ukifika uliza. Donholm nako watu hushuka Caltex, ingawa Total iliinunua Caltex ya Kenya tangu 2009.

Sina neno baya kuhusu utaratibu huu. Unafikisha mizigo, wageni wa harusi na mafundi wa friji kila siku ya Mungu. Una sharti moja tu: awepo wa kuulizwa, na uwepo muda wa kuuliza. Dharura huja bila vyote viwili. Ni saa nane usiku, vioski vimefungwa, watu wa bodaboda wamelala, na anayepokea simu upande wa pili anauliza:

"Mama, uko wapi hasa?"

"Kayole."

"Kayole gani?"

"Hapa Masimba, nyuma ya kanisa."

Kayole ina makanisa mangapi, tusihesabu. Dakika zinapotea hapo, si barabarani. Dereva wa ambulensi usiku hana foleni Jogoo Road. Kinachomchelewesha ni kilomita ya mwisho, na ndani ya kilomita hiyo, mita mia moja za mwisho: lango, ngazi na mlango.

Si kwamba mitaa hii ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ilijengwa bila nambari. Mitaa ya zamani ya Halmashauri ya Jiji, kama Kaloleni, Bahati na Jericho, iliandikwa nambari milangoni. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikapangwa katika viwanja vidogo vya pamoja ambavyo wakazi wanaviita korti, kila nyumba na nambari yake. Umoja ya kwanza nayo ilichorwa kwa mpangilio, kwa fedha za msaada wa Marekani. Kisha watu wakaishi. Mwenye nyumba akajenga vyumba mbele na ghorofa nyuma. Nyumba ya familia moja ikawa na familia sita, duka la dawa na saluni, zote zikishiriki nambari ile ile ya mwaka wa kwanza. Wizi ulipozidi, korti zikafungwa kwa mageti. Anwani ikabaki sahihi kwenye hati, lakini gari haliingii mpaka mlinzi aamke.

Na anwani rasmi? Anwani rasmi ya Mkenya ni sanduku la posta. Kampuni ya Buruburu itaandika S.L.P. na 00515, na barua zitafika. Ila mgonjwa halali ndani ya sanduku la posta.

Nambari ya 999 yenyewe ina historia ya kukatika. Ilizimika 1998 na ikarejeshwa 2013, baada ya miaka 15. Kizazi kizima cha Eastlands kilikua kikijua kwamba ukivamiwa unapiga kelele, na ukiugua unatafuta jirani mwenye gari. Polisi sasa wanapokea 999, 112 na 911, Msalaba Mwekundu wana 1199, na kuna kampuni za ambulensi na za ulinzi ambazo kila moja ina nambari yake. Katikati ya miaka ya 2010 ilianzishwa hapa Nairobi kampuni iitwayo Flare, ambayo ilichofanya kwa kweli ni kuziweka ambulensi za watu mbalimbali kwenye ramani moja, ili anayepiga apelekewe iliyo karibu badala ya kuzipigia moja baada ya nyingine. Hilo lilitatua swali la gari liko wapi. Swali la mgonjwa yuko wapi ni gumu zaidi, maana gari lina kifaa cha kulifuatilia na lina dereva anayelipwa kujibu.

Watu wengi huamini simu ya mkononi inajibu swali hilo yenyewe. Kwa sehemu tu. Mtandao unajua mnara uliokushika na upande wa mnara huo. Katika teknolojia ya kizazi cha pili unaweza pia kukadiria umbali wako kutoka mnarani, kwa hatua za takriban mita 550 kila moja. Ukiwa shambani Machakos, hiyo ni habari njema. Pipeline, ambako majengo ya ghorofa nane yamesimama ukuta kwa ukuta na mchana unawasha taa ngazini, mita 550 ni maelfu ya watu. Setilaiti za GPS zinasaidia aliye nje. Chumba cha ndani, ghorofa ya pili, hazikioni vizuri, na hata zikikiona haziwezi kutegemewa kusema ni ghorofa ya pili au ya saba.

Upo utaratibu ulioanza Uingereza mwaka 2014 unaoitwa AML: ukipiga nambari ya dharura, simu inawasha GPS na wifi yenyewe, inakusanya mahali ulipo na kutuma kimyakimya kwa kituo cha dharura. Android iliuingiza 2016, na iPhone 2018. Yaani programu iko mfukoni mwako tayari. Haifanyi kazi mpaka nchi, kampuni za simu na kituo cha dharura viiwashe kwa pamoja.

Lakini sura hii haihusu hasa simu ya mkononi. Inahusu ile simu nyeusi iliyo juu ya meza ya ofisi, ambayo kila mtu anadhani ndiyo isiyo na matatizo kwa sababu haihami.

Tuchukue mfano wa sacco yenye makao makuu Upper Hill na tawi Buruburu. Ni tarehe za pensheni, foleni imefika mlangoni, na mzee mmoja anaanguka mbele ya kaunta. Karani ananyanyua simu ya mezani. Kwanza abonyeze 9 kupata laini ya nje. Kama ni mfanyakazi mpya, huenda hajui. Akiipata, sauti yake haitoki Buruburu. Inasafiri kwa kebo hadi kwenye mtambo wa simu Upper Hill, na huko ndiko inakoingia kwenye mtandao wa umma, ikiwa imevaa nambari kuu ya kampuni, ile ya 020. Anayepokea anaona Upper Hill. Karani akitaja Buruburu vizuri, mambo yatakwenda. Simu ikikatika kabla hajasema, mpokeaji atapiga tena ile nambari kuu, na atakayemjibu ni mashine: karibu, kwa huduma za mikopo bonyeza moja.

Zamani haikuwa hivyo, na si kwa sababu watu wa zamani walikuwa makini zaidi. Laini ya shaba ilifungwa kwenye jengo. Kuihamisha toka chumba hiki hadi kile kulihitaji fundi wa Posta na Simu, fomu, na subira ya wiki kadhaa. Ucheleweshaji ule uliokuwa ukitukera ndio uliokuwa ukilinda daftari, kwa sababu hakuna laini iliyohama bila mtu kuandika mahali. Simu za leo, zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, zinahama na mwenye meza. Unaichomoa ghorofa ya kwanza, unaichomeka ya tatu, inajitambulisha kwa mtambo, na kabla hujavuta kiti tayari inalia. Hakuna fundi wala fomu. Mtambo unajua ni simu namba fulani, haujui imehama.

Dawa yake ipo, na si ya ajabu. Chumba cha mtandao kina swichi, kisanduku chenye matundu 24 au 48 na vitaa vya kijani vinavyometameta. Kila tundu lina waya unaopanda darini na kushuka kwenye soketi moja ya ukutani. Kwa hiyo anayetaka kujua simu iko wapi haifuatilii simu, anafuatilia tundu. Unatengeneza jedwali: tundu la 17, soketi 2-17, ghorofa ya pili, chumba cha mikopo, upande wa Rabai Road. Simu ikichomekwa, yenyewe na swichi zinasalimiana kwa itifaki iitwayo LLDP-MED, mtambo unajua simu imeingia tundu la 17, na mstari ule wa jedwali ndio unaoambatanishwa na simu ya dharura. Kwa wifi, badala ya tundu kuna kile kifaa cheupe cha darini: kila kimoja kinatangaza nambari yake ya kiwandani, na jedwali linasema kifaa chenye nambari hii kiko korido ya pili, karibu na choo cha wanawake.

Kazi ya jedwali hilo ni wiki moja kwa jengo la kawaida. Kulitunza ndiyo kazi isiyokwisha, na hapo ndipo karibu kila ofisi huanguka. Stima inapotea Buruburu, inarudi kwa nguvu, swichi inaungua. Fundi anakuja jioni na swichi mpya na presha ya meneja. Anachomeka nyaya jinsi zinavyofika, kila kompyuta inapata intaneti, kila simu inalia, anapigiwa makofi, anakwenda nyumbani. Tundu la 17 sasa ni la chumba cha mlinzi. Jedwali bado linasema mikopo. Hakuna atakayelalamika, kwa sababu hakuna kilichoharibika mbele ya macho ya mtu yeyote. Mshahara ukikosewa, foleni itakuwa kwa mhasibu asubuhi hiyo hiyo. Mahali pakikosewa, kosa linakaa kimya miaka mitatu, na siku litakapojulikana mwenye kulilipia hatakuwa fundi.

Ndiyo maana naona kuliita tatizo la teknolojia ni kulikwepa. Vifaa vinauzwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake imeandikwa kwamba waya haubadilishwi tundu, chumba hakipewi jina jipya na kifaa cha wifi hakihamishwi kabla yeye hajasaini kuwa amebadilisha mstari. Kampuni zina mtu wa kuhesabu karatasi za kuchapishia. Zitashindwaje na hili?

Tangu korona, 2020, pamezuka tawi jingine ambalo halionekani kwenye orodha ya matawi: nyumba za wafanyakazi. Msichana wa huduma kwa wateja anaishi Umoja Innercore, anapokea simu za kampuni ya Westlands kwenye kompyuta yake ya mkononi akiwa amevaa vipokea sauti vya kichwani. Simu yake ya kikazi inatokea Westlands hata kama jiko linawaka moto mgongoni mwake. Baadhi ya programu humwuliza kila anapoingia: uko wapi leo? Naye, kwa mazoea, anabonyeza "ofisini", maana ndilo jibu la kwanza kwenye orodha na zamu imeshaanza. Kwa mtu huyu ushauri ni mfupi: nyumbani, dharura ipigwe kwa simu ya mkononi, na kampuni imwambie hivyo kwa maandishi badala ya kumwachia agundue.

Marekani ililipa gharama kubwa kujifunza haya. Tarehe 1 Desemba 2013, katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na mume waliyekuwa wametengana na akauawa. Binti yake wa miaka 9 alikuwa pale. Alifanya kila alichofundishwa: alipiga 911. Akapiga tena na tena, mara nne. Simu haikutoka, kwa sababu simu za hoteli ile zilitaka ubonyeze 9 kwanza, na hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto kwamba msaada una kiambishi awali. Baba yake Kari, Hank Hunt, alishika njia akadai sheria. Ilitiwa saini Februari 2018 na kuanza kutumika Februari 2020: mtambo wa simu wa ofisi au hoteli lazima upokee 911 moja kwa moja, bila kiambishi, na dharura ikipigwa lazima mtu wa ndani ya jengo, awe mapokezi au mlinzi, apate taarifa papo hapo. Sheria nyingine ya 2018, iitwayo RAY BAUM's Act, ikaongeza la mahali. Kanuni zake zilianza kubana simu zisizohama Januari 2021 na zinazohama Januari 2022. Haitoshi tena kutuma jina la barabara. Ghorofa na chumba navyo lazima viambatane na simu, au chochote kitakachomfikisha mwokoaji mlangoni.

Kipengele cha mlinzi kujulishwa ndicho ningekichukua kwanza kwa Nairobi, kabla ya vifaa vyote. Hapa kwetu mtu wa kwanza kufika si polisi wala zimamoto. Ni soja wa getini, msimamizi wa ploti, au kijana wa bodaboda anayejua njia ya mkato. Karani akipiga dharura ghorofa ya pili na soja asijue, ambulensi itafika na kuanza kujieleza kwa mtu anayetaka kitambulisho kiandikwe kwenye kitabu. Soja akijua, lango liko wazi na mtu amesimama barabarani akipunga mkono.

Kuhusu nini kiandikwe kwenye mstari wa jedwali, tusinakili fomu ya Marekani. Barabara yenye nambari haipo, basi iandikwe ilivyo: steji ya karibu kwa jina linaloitwa na makondakta, hata kama jengo lenyewe lilishabomolewa, lango gani, maana korti moja inaweza kuwa na mageti mawili na moja likawa limefungwa kwa mnyororo, jina la jengo jinsi lilivyopakwa ukutani, ghorofa, na ihesabiwe kutoka wapi. Iandikwe pia kama kuna lifti, kwa sababu kumshusha mgonjwa ghorofa nane kwa ngazi za Pipeline kunahitaji watu wanne na waokoaji lazima walijue hilo mapema. Mwisho, nambari ya simu ya mtu anayelala hapo. Eastleigh ni kazi zaidi. Tangu Garissa Lodge ilipogeuka kutoka nyumba ya wageni kuwa soko, majengo ya mtaa huo yamegawanywa vibanda kwa mamia, vingine upana wa mikono miwili, na kuta za mbao zinahama kila kodi ikipanda. Humo nambari ya kibanda isiwekwe kabisa kwenye rekodi. Liwekwe jina la ngazi na ghorofa, vitu visivyohamishika.

Na rekodi itembee. Usiku wa Februari 1, 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, gesi ililipuka, moto ukaingia kwenye makazi, watu wakafa na mamia wakaumia. Baadaye mamlaka ya kawi, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya leseni ya kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, palikuwa na ofisi ya serikali iliyojua kwamba kuna mtu anataka kuuza gesi katikati ya nyumba za watu, na ilijua ni wapi. Taarifa ya mahali isiyomfikia anayetumwa kwenda pale ni faili tu.

Utasikia pingamizi kutoka kwa wafanyakazi, na lina uzito: je, huu si mtego wa kutuchunga? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawapa haki ya kuuliza. Jibu la haki ni kujenga jedwali la matundu na vyumba, si la watu. Soketi 2-17 iko chumba cha mikopo. Nani ameketi pale saa tano asubuhi haituhusu mpaka nambari ya dharura ipigwe. Kampuni inayotaka kujua nani amechelewa kutoka chakula cha mchana itafute njia nyingine ya kujulia, isijifiche nyuma ya ambulensi.

Sheria ya kutegemea tunayo pia. Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007, zilizo chini ya sheria za usalama kazini, zinataka mahali pa kazi pafanye mazoezi ya moto angalau mara moja kila miezi 12. Kwa kawaida king'ora kinalia, watu wanashuka na chai mikononi, wanasimama kwenye ubao wa kijani wa kukusanyikia, wanapigwa picha ya ripoti, wanapanda. Simu haiguswi. Zoezi lijalo lianze kwa mtu kunyanyua simu ya mezani asiyoijua, kwenye chumba asichokizoea, na kupiga dharura. Msijaribie 999 bila kuwaarifu polisi. Wanapata simu za mzaha za kutosha. Elekezeni mtambo upigie simu ya mapokezi badala yake kwa saa hiyo, halafu someni kilichotokea kwenye kioo. Kama kimesema Upper Hill na nyinyi mko Buruburu, zoezi limefaulu: mmejua bila mtu kufa.

Wewe usiye meneja huna haja ya kungoja zoezi. Kesho ukifika kazini, mtafute anayeshughulikia mtandao, mwonyeshe simu ya mezani kwako na umwulize: hii ikipiga dharura sasa hivi, itasema niko wapi? Akijibu kwamba itabidi acheki, vuta kiti umsubiri acheki.